Krimu ya Wifi Avis

Bunbury, 9 Juni 2025

Wifi Avis,

Naiweka barua hii ndani ya kreti, juu ya mfuko wa unga, na nimemwambia dereva wangu Sandro asiondoke huko na gari lake mpaka akuone umeishika. Nifanyeje? Simu yangu hupokei tangu tumzike Lyall. Najua uko hai kwa sababu oda zako zinaingia kila Jumatatu, na maiti haagizi sukari ya unga.

Usinune, ni utani. Alikuwa mume wako, lakini alianza kuwa kaka yangu, kwa hiyo nina haki yangu ya kuropoka.

Sasa la kazi. Umesikia habari ya sheria mpya ya gesi ya krimu, vile vichupa vya chuma unavyotia kwenye chupa ya kubonyeza, krimu ikatoka imeumuka. Zamani nilikuwa navipanga pale mbele, karibu na mishumaa ya keki, kila mtu anajichukulia. Siku hizi viko stoo na kufuli juu. Haviuzwi kwa mtu wa barabarani hata alie machozi. Ni kwa biashara ya chakula iliyosajiliwa na halmashauri, basi, na mimi muuzaji natakiwa nijiridhishe kwamba gesi inakwenda jikoni, siyo mapafuni mwa mtu. Nikiwa na shaka, nisiuze. Juzi kaja kijana amevaa kofia ya mpishi, karatasi ya bei bado inaning'inia. Nikamuuliza, "Unapika nini?" "Krimu." "Krimu na nini?" "Krimu tu." Nikamwambia, mwanangu, nenda nyumbani kanywe maji.

Lakini siyo mambo ya kuchekea. Wanaijaza kwenye puto, wanavuta, wanacheka kidogo, wanafungua kingine. Tenille, binti wa jirani yangu, alianza kwa vidole vya miguu kufa ganzi akadhani viatu vinambana. Sasa anatembea kwa kuegemea fremu ya chuma kama ajuza.

Haya, tuje kwako. Karatasi zako hazina doa: mgahawa umesajiliwa, jina lako, muhuri wa halmashauri. Lakini Lyall alipokuwa hai hukuwahi kuagiza hata kichupa kimoja. Sasa ni maboksi, kila wiki. Na wewe ndiye uliyesimama mbele ya Chama cha Akina Mama wa Mashambani ukasema krimu ya gesi ni povu la kunyolea ndevu, huku unanikodolea macho mimi!

Basi nakuuliza kama muuzaji na kama wifi: unatumia gesi? Kama umeingia kwenye povu, sema tu, nitakucheka siku moja na yataisha. Kama siyo wewe, basi ni nani? Oda anatuma Merrin. Muulize huyo mwanao, lakini muulize taratibu.

Wifi yako,
Glenys


Mardilup, 16 Juni

Glenys,

Barua nimepata. Nimeisoma nimesimama, kisha nikaosha vyombo.

Sina maneno mengi siku hizi. Naamka, nawasha jiko, naoka skonzi, nabandika maji. Wateja wanaingia, wanasema pole, nasema asante. Jioni nafunga. Watu wananisifu kwamba najikaza. Sijikazi. Ni kwamba siku inaanza, halafu inaisha.

Ila hilo la krimu limenipata. Umenitukana. Krimu yangu inatoka kwa ng'ombe wa akina Hanrahan, inalala kwenye ubaridi, asubuhi naipiga kwa mkono ndani ya bakuli la marehemu mama yangu, kwa kipigio cha waya, mpaka kijiko kisimame chenyewe. Sijawahi kubonyeza kitu nikampa mtu ale. Hivyo vichupa sivijui na sitaki kuvijua. Oda ni kazi ya Merrin, mimi kompyuta siiwezi. Kama amebonyeza vibaya, futa.

Najua unachokitafuta. Maonyesho ni Novemba na mwaka huu wewe ndiye jaji wa skonzi. Umenishindwa kwa mkono miaka yote, sasa unataka kunitoa kwa sheria. Ebo! Wifi ni wifi tu.

Na Merrin usimwingize. Ameacha kazi yake Perth aje akae na mimi humu ndani. Amechoka, basi. Anavunja vikombe, anajikwaa kwenye ngazi ya baraza, juzi ameanguka na sinia zima mbele ya wateja. Namwambia, "Nyanyua miguu, wewe, unaiburuta kama mzee." Anacheka. Angalau yupo anayecheka katika nyumba hii.

Avis


Bunbury, 17 Juni

Avis,

Weka hicho kipigio chini unisikilize. Maonyesho yapotelee mbali. Nimeshawaambia watafute jaji mwingine, haya, umefurahi?

Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: anavunja vikombe, anajikwaa, anaburuta miguu, anacheka. Nilipofika hapo nikakaa juu ya gunia la sukari. Avis, hivyo ndivyo alivyoanza Tenille. Hivyo hivyo.

Simtuhumu, naogopa. Kama wewe hujui vichupa ni nini, na maboksi yanashushwa mlangoni kwako kila wiki, yanakwenda wapi? Oda ya gesi nimeifunga leo, na haitafunguka mpaka nijue. Nenda kaangalie chini ya kitanda chake. Kaangalie kwenye banda, kwenye lile gari bovu la Lyall. Ukivikuta usimpigie kelele. Mlete kwangu nimpeleke hospitali mwenyewe. Nimeambiwa ganzi ikiwahiwa inarudi nyuma. Ikicheleweshwa, hairudi.

Na kama huko hakuna kitu, njoo unizabe kibao mbele ya Chama kizima, nitakushukuru na chai nitakununulia. Lakini angalia kwanza. Nakuomba, na unajua mimi siyo mtu wa kuomba.

Glenys


Mardilup, 30 Juni

Glenys,

Nimeangalia. Hakuna kitu.

Anayetumia gesi ni mimi. Tangu msiba mkono wangu wa kulia hauna nguvu. Nikipiga krimu haishiki, inabaki maji. Merrin alininunulia chupa ya kubonyeza ili nipumzike, nami nikamkataza asimwambie mtu. Niliona aibu, ndiyo maana nikakuandikia yale matusi. Wageni wa msimu wa baridi ni wengi mwaka huu, na gesi inatumika nyingi.

Merrin anajikwaa kwa sababu ya viatu. Nimemnunulia vingine.

Hapa ndani kuna karatasi ya kuweka kwenye faili lako. Nimetia saini kwamba Mgahawa wa Pengelly unatumia gesi hiyo kutengenezea krimu ya chakula na si kwa kazi nyingine. Naomba ufungue oda iwe kama ilivyokuwa.

Ukitaka kuwaambia Chama, waambie. Sijali.

Avis


Bunbury, 7 Julai

Wifi yangu kipenzi!

Haki ya Mungu nilipiga yowe humu dukani, mteja akaangusha trei za keki. Povu la kunyolea ndevu, eeh? Lile povu! Avis Pengelly anabonyeza! Nilikwambia siku nyingi, mkono ni nyama, unachoka, na skonzi haijui krimu imepigwa na nani. Wewe ukanijibu mimi sina ladha mdomoni. Leo nani hana ladha?

Basi, nimecheka, yamekwisha. Pole na mkono, kweli kabisa. Kausugue kwa maji moto. Na unisamehe kwa yale ya Merrin. Nilikuwa nimeshamwona kwenye fremu, maskini mtoto wa watu, kumbe viatu! Hujui ulivyonitua mzigo. Kama ungekuwa hapa ningekubusu, na najua ungepangusa shavu.

Oda nimeifungua. Mkaguzi wa afya alipita wiki iliyopita, akavuta faili lako: usajili upo, matumizi yameandikwa, saini ipo. Akasema laiti wateja wote wangekuwa kama huyu. Nikamwambia huyo ni mke wa kaka yangu, hakosei kitu.

Akina mama nimewaambia Alhamisi. Usinichukie, uliniruhusu mwenyewe. Mwanzoni walikataa. Maeve Tuckey alisema hata nikila kiapo haamini. Nilipowasomea barua yako walicheka mpaka chai ikapoa. Wanakusalimu.

Nimekuongezea boksi moja la gesi juu ya oda yako. Zawadi yangu, kwa ajili ya amani.

Wifi yako mwenye furaha,
Glenys


Hospitali, Perth, 19 Septemba

Shangazi Glenys,

Shikamoo. Mama hawezi kukuandikia. Anasema atafanya hivyo kesho, na kila siku anasema kesho. Niwie radhi kwa mwandiko, vidole navyo havinisikii vizuri.

Nimelazwa wodi ya mishipa ya fahamu. Asubuhi moja nilianguka bafuni na sikuinuka. Haikuuma. Miguu ilikuwa pale, naiona, lakini ni kama ya mtu aliyelala karibu yangu. Nikaita, "Mama, njoo, siwezi kusimama." Akasema kutoka jikoni, "Nyanyua miguu, Merrin." Kisha akaja akaniona usoni.

Wanasema gesi imemaliza vitamini mwilini na imeula uti wa mgongo. Nachomwa sindano. Daktari anasema nitatembea, au nitatembea na fremu, au sitatembea, itategemea. Alikuwa mpole sana aliposema hivyo, nami nikamjibu sawa, kama mtu anayeambiwa basi limechelewa.

Nataka ulijue jambo moja, kwa kuwa mama hatakwambia. Ulipomwandikia aangalie, aliangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la baba, akafungua mlango wa nyuma, vichupa vitupu vikamwagika mpaka kwenye majani. Nilikuwa nyuma yake. Nikapiga magoti pale pale. Nikamwambia nikiacha kwa ghafla nitakufa. Haikuwa kweli na nilijua siyo kweli. Nikamwomba anipe mpaka baridi iishe, nitapunguza kidogo kidogo. Alifunga mlango wa gari. Halafu akasema, "Nimeshazika mmoja." Akaingia ndani akakuandikia ile barua. Unamjua mama na krimu yake, shangazi. Nilimwona akiiandika. Alikuwa anakandamiza kalamu mpaka karatasi inachanika.

Kila asubuhi alikuwa anapiga krimu kwa mkono kama kawaida, mlango wa jiko umefungwa, wateja wasimwone.

Watu hapa wananiuliza kama nilivuta ili nicheke. Sikucheka mimi. Nilicheka mbele ya mama tu. Ukivuta, kwa muda kidogo nyumba inakuwa haina baba aliyekufa. Haina mtu yeyote, hata wewe mwenyewe. Halafu inarudi, unafungua kingine. Nilikuwa napenda ile hali ya kutokuwepo, na sasa nimeipata kuanzia kiunoni kwenda chini.

Usimlaumu. Nilaumu mimi, nipo hapa, siendi popote.

Mwanao,
Merrin


Bunbury, 23 Septemba

Avis,

Nimeisoma barua ya Merrin. Nikafungua duka. Nikauza vikombe vya keki, karatasi za kuokea, sijui na nini kingine. Nikafunga duka. Naona nimekuwa kama wewe.

Gesi yote nimeirudisha kwa aliyeniletea, siuzi tena. Hakuna aliyenikataza. Nilimpigia mkaguzi mwenyewe, nikamwambia njoo, mtoto wa kaka yangu hatembei, na gesi imetoka kwangu. Akaja. Akasoma faili kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema nilikuuliza, nilisimamisha, nikapata maelezo yenye saini, nikaendelea. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilitaka anipige faini. Nilitaka anifungie duka. Akaniambia, "Pole sana, mama," akanywa maji, akaondoka.

Lakini mimi najua ambalo haliko kwenye faili. Nilikuwa na shaka, na shaka yangu ilikuwa ya kweli. Kisha ukaniandikia kwamba nimekushinda, na nikapenda kushinda. Mimi niliyekaa na wewe miaka yote hiyo, hata Maeve Tuckey alikujua kuliko mimi. Alisema haamini. Mimi ndiye niliyemlazimisha aamini.

Na lile boksi la zawadi, Avis. Nikilala naliona. Nikiamka naliona. Nalia, halafu naacha, halafu nashika ufagio.

Alhamisi kuna mkutano wa Chama. Nitasimama niwaambie ukweli wote, kwamba krimu yako ni ya mkono na haijawahi kuwa vinginevyo, ulisema vile kwa ajili ya mwanao. Angalau hilo nikurudishie. Na uniruhusu nije Perth. Usipojibu nitajua ni hapana.

Glenys


Perth, 3 Oktoba

Wifi,

Sandro alinipigia simu ya wodini kuniambia umeahirisha Alhamisi ukisubiri neno langu. Umefanya vizuri. Usiwaambie kitu. Ukiwaambia krimu ni ya mkono, watauliza gesi ilikuwa ya nani, na Mardilup ni mji wa watu wanaojuana mpaka majina ya mbwa. Merrin akirudi, akiingia dukani na fremu au bila fremu, sitaki watu wanyamaze. Hadi sasa wanajua anaumwa mgongo. Waache waicheke krimu yangu. Kucheka kwao hakuniui.

Kuhusu boksi, ulinipa moja. Hayo mengine niliyaomba mimi kwa saini yangu, na nilikuwa nayapokea mlangoni na kumshukuru Sandro. Nilikuwa naona miguu ya mwanangu inavyokwenda. Kila wiki nilijiambia baridi inaisha. Tusipimane makosa, Glenys. Sina nguvu, na wewe huna.

Njoo Jumapili. Ulete soksi za sufu na usilete keki, amekinai.

Nikueleze hali yake, maana ndilo unalotaka kujua. Kuna zoezi tunafanya kila asubuhi. Anafumba macho, mimi nashika kidole kimoja cha mguu, yeye anataja ni kipi. Tangu mwanzo alikuwa anapatia. "Gumba, mama." "Kile kidogo, mama." Nilikuwa natoka mbio kwenda kuwaambia manesi. Nilimshika daktari koti nikamwambia anapona, andika. Nilikuwa nimeanza kulala usingizi.

Halafu nesi mmoja, msichana mpole, akanivuta pembeni akasema, "Mama, anachungulia." Sikuamini. Siku iliyofuata nikamwangalia vizuri, na kweli, jicho la kushoto lilikuwa halijafumbwa lote. Alikuwa anatazama mkono wangu, kisha anataja. Niliendelea, naye akaendelea. Mimi nashika, yeye anachungulia, mimi nasema vizuri sana mwanangu. Tumekwenda hivyo siku nyingi, na sisi hayo tunayaweza.

Leo asubuhi nimeshika kidole cha kati. Nikaona kope zake zimebanwa, zimekunjana kabisa. Nikakibonyeza tena.

Kisha akasema, "Sijui, mama. Sihisi kitu."

Nikamwambia, "Haya, mwanangu. Asante." Hakufumbua macho. Nami nikabaki nimekaa pale, nimeushika mguu wake, na yeye hakuwa na namna ya kujua kama bado nimeushika.

Avis